Baccara: jina moja, jozi mbili

Kwa miaka mingi baada ya 1981, promota wa Ulaya aliyetaka kuwaleta Baccara, kundi la disko la wanawake wawili wa Kihispania, kwenye tamasha lake ilibidi aulize jambo moja kabla hajafika kwenye malipo: Baccara ya nani? Ilikuwepo ya Mayte Mateos na ilikuwepo ya María Mendiola. Zote mbili ziliimba "Yes Sir, I Can Boogie". Zote mbili zilipandisha jukwaani wanawake wawili. Na katika kila jozi alikuwemo mmoja wa wale waliosimama mbele ya maikrofoni mwaka 1977, pamoja na mwenzake aliyekuja kuishika nafasi ya pili baadaye.

Kundi feki ni rahisi kulihukumu. Watu wanne wasiohusika wanachukua jina kubwa, wanazunguka nalo, shabiki anajua kaibiwa. Kisa cha Baccara hakiko hivyo. Hapa nusu ya ukweli ilikuwa upande huu na nusu nyingine upande wa pili, na kila upande ulikuwa na haki ya kusema "sisi ndio". Nimekifuatilia kwa sababu kinaonyesha, kuliko kisa kingine chochote cha disko ninachokijua, jinsi kundi la sauti mbili linavyoweza kuuza mamilioni ya santuri huku waimbaji wenyewe wakibaki na kitu kimoja tu cha kugombania, yaani jina.

Kabla ya Hamburg

Mateos alizaliwa Logroño mwaka 1951, Mendiola akazaliwa Madrid mwaka uliofuata. Wote wawili walianza kama wachezaji, si waimbaji. Walisomea dansi Madrid, na wakafanya kazi pamoja kwenye vipindi vya TVE, televisheni ya taifa ya Hispania. Jenerali Franco alikuwa amefariki Novemba 1975, na burudani ya nchi hiyo ndiyo kwanza inaanza kupumua. Mwaka 1976 Mateos akamshawishi mwenzake watoke kwenye kundi kubwa la wachezaji, wasimame wawili peke yao. Wakajiita Venus.

Kazi yao kwenye klabu ya usiku huko Zaragoza haikudumu. Kisa kinachosimuliwa tangu siku hizo ni kwamba waliondolewa kwa kuwa wastaarabu mno kuliko mahali penyewe. Wakavuka bahari hadi Fuerteventura, katika Visiwa vya Canary, wakapata nafasi ya kutumbuiza kwenye hoteli ya Tres Islas. Wageni wengi walikuwa watalii wa Kijerumani. Wale wawili waliwachezea flamenko, wakawaimbia nyimbo za jadi za Kihispania, na usiku ukaisha. Huko ndiko Leon Deane, meneja katika tawi la Ujerumani la kampuni ya santuri ya RCA, alikowaona na kuwaita Hamburg wakafanyiwe majaribio.

Hali waliyofika nayo Hamburg ndiyo iliyoamua mengi ya baadaye. Hawakuwa na wimbo wao, hawakuwa na bendi, na hata jina la Venus hawakuendelea nalo. Jina jipya lilitokana na waridi liitwalo Baccara, lenye wekundu ulioiva hadi kukaribia weusi. Nyimbo walipewa na prodyusa Rolf Soja, ambaye ndiye aliyetunga muziki, pamoja na Frank Dostal, aliyeandika maneno. Dostal hakuwa mgeni wa jukwaa; aliwahi kuwa mwimbaji wa The Rattles, bendi ya Hamburg iliyovuma miaka ya 1960.

Ujerumani ya wakati ule ilikuwa imejaa maprodyusa wa aina hiyo. Munich alikuwepo Giorgio Moroder akifanya kazi na Donna Summer. Silver Convention, waimbaji watatu wa kike, walikuwa wameshafika namba moja Marekani mwaka 1975. Frank Farian alikuwa na Boney M., kundi ambalo wasikilizaji wetu wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri, ambamo Bobby Farrell alicheza mbele huku sauti nzito ya kiume iliyomo kwenye rekodi ikiwa ya Farian mwenyewe. Katika utaratibu huo prodyusa ndiye mwenye nyumba. Waimbaji ni wapangaji, hata kama sura zao ndizo zilizoko kwenye jalada.

Baccara walitofautiana na Boney M. kwa jambo kubwa: walioonekana ndio walioimba. Hilo ni jambo la kuwapa heshima yao. Lakini ndilo pia lililoleta ugomvi, maana mtu anayeimba kweli anajua sauti yake ilivyo, na anasikia inapopunguzwa.

Wimbo wenyewe

Usikilize tena ule wimbo wa 1977, ukiacha ngoma pembeni. Hauanzi na mdundo. Unaanza na pumzi, sauti ya kike inayoguna na kuvuta maneno taratibu, kama mtu anayejibu swali ambalo sisi hatukulisikia. Kisha disko linaingia, ngoma ya mguu inayopiga kila pigo bila kuruka, besi inayotembea, na fidla zinazopanda juu mwishoni mwa mstari. Mwanamke anayeimba anamwambia bwana kwamba kucheza anajua, ila anahitaji wimbo fulani ndipo acheze. Maneno ni ya Kiingereza, lakini r na s zake ni za Madrid. Wajerumani wawili wakaandika kwa Kiingereza, Wahispania wawili wakaimba kwa lafudhi yao, na lafudhi hiyo ikawa nusu ya utamu.

Halafu sikiliza mgawanyo wa sauti. Katika nyimbo nyingi za kundi hili Mateos ndiye aliyeshika sauti ya kwanza, sauti ya chini kidogo, yenye joto na pumzi nyingi. Mendiola alikaa juu yake, sauti nyembamba na safi inayojitokeza kwenye kiitikio na kuufanya mstari ung'ae. Ukiondoa ya kwanza, wimbo haupo. Ukiondoa ya pili, wimbo upo lakini umekuwa wa kawaida, kama nyingi nyingine za mwaka ule. Hili nalisema kwa uhakika kwa sababu rekodi zilizofanywa baadaye na jozi zote mbili zinapatikana, na ukizilinganisha na ya kwanza utasikia pengo liko wapi.

Jukwaani mgawanyo huo uliwekwa kwenye nguo pia. Mmoja gauni jeusi, mwingine jeupe, mikono ikipanda na kushuka kwa utulivu wa watu waliosomea dansi. Hawakurukaruka. Walisimama, wakageuka nusu, wakatabasamu.

Mwisho wa Oktoba 1977 wimbo ulifika namba moja Uingereza, ukakaa wiki moja, baada ya David Soul na kabla ya ABBA. Hawakuwahi Wahispania kufika hapo kabla yao, wala jozi ya wanawake. Ujerumani, Uswisi, Sweden na Norway nako uliongoza chati. Mauzo yanayotajwa duniani ni zaidi ya nakala milioni 16. Singo ya pili, "Sorry, I'm a Lady", iliingia kumi bora Uingereza na kuongoza Ujerumani. Wasichana waliokuwa wakiburudisha watalii hotelini mwaka uliotangulia sasa walikuwa kwenye kila televisheni ya Ulaya.

Mwaka 1978 waliiwakilisha Luxembourg kwenye Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, lililofanyika Paris, kwa wimbo wa Kifaransa, "Parlez-vous français?", wakashika nafasi ya saba. Wahispania, prodyusa Mjerumani, lugha ya Kifaransa, bendera ya Luxembourg. Kwa RCA hiyo ilikuwa biashara nzuri, na sioni ubaya wake. Lakini inaonyesha kwamba kundi hili halikuwa na kwao. Lilikuwa la mahali popote lebo ilipopata nafasi.

Meza ya kuchanganya sauti

Albamu zilifuatana upesi: *Baccara* 1977, *Light My Fire* 1978, *Colours* 1979. Mvutano uliokuwa ukijengeka ulipasuka mwaka 1980, na ulipasukia kwenye singo moja, "Sleepy-Time-Toy".

Kwa asiyejua kazi ya studio: kila sauti hurekodiwa kwenye njia yake ndani ya mkanda. Waimbaji wakimaliza wanaondoka, wanabaki prodyusa na fundi mitambo. Wao ndio wanaoamua sauti gani ije mbele, gani irudi nyuma, gani imwagiwe mwangwi. Vidole viwili kwenye swichi ya kuteleza vinaweza kumgeuza mwimbaji wa pili kuwa mwitikiaji tu, naye asijue mpaka santuri iwe dukani.

Mendiola aliona sauti yake imezikwa. Hakunung'unika chini kwa chini. Alichukua hatua za kisheria. Singo iliondolewa sokoni, ikachanganywa upya, ikatolewa tena. Alishinda hoja yake. Lakini kwa singo ya disko, kurudi sokoni baada ya kuondolewa ni sawa na kutorudi, kwa sababu redio zimeshahamia kwingine. Na uhusiano na Soja haukupona. Albamu iliyofuata, *Bad Boys* ya 1981, ilitengenezwa bila Soja na Dostal. Haikufika popote, RCA haikuendelea nao, na mwaka huohuo wawili wale wakatengana.

Wapo wanaoulaumu upande wa Mendiola, kwamba kwa kudai sauti yake aliua kundi zima. Sikubaliani nao hata kidogo. Kundi lina watu wawili, jina ni la wawili, jalada lina sura mbili. Anayedai asikike hajadai cha mtu. Kosa lilikuwa la mfumo ambao haukuwapa waimbaji nafasi ya kusikiliza na kukubali mchanganyiko wa mwisho kabla haujatoka. Kifungu kimoja cha mkataba kingetosha kulizuia suala hilo lisifike mahakamani. Hapohapo niseme pia kwamba Mateos hakuwa na hatia ya kuwa na sauti ambayo prodyusa aliipenda iwe mbele. Wawili hawa waliwekwa kwenye mizani na mtu wa tatu.

Wakati nao haukuwasaidia. Julai 1979, Chicago, santuri za disko zilikuwa zimelipuliwa uwanjani mbele ya umati wa mashabiki wa besiboli, na redio za Marekani zikauacha muziki huo kwa kasi. Ulaya haikuutupa, ila iliubadilisha: vinanda vya umeme vikachukua nafasi ya fidla, na mwendo ukaongezeka. Hata bila kesi, Baccara ya fidla na pumzi ingehitaji kujifunza upya.

Jozi mbili

Wote wawili walijaribu kusimama peke yao, na hakuna aliyefika mbali. Hapo ndipo jina likaanza kuvutwa huku na huku.

Mendiola alianza upya mwaka 1985 na Marisa Pérez, wakajiita New Baccara. Naona huo ulikuwa uamuzi wa kiungwana. Neno lile la mbele lilimwambia mnunuzi ukweli mapema. Wakafanya kazi na prodyusa Mwingereza Ian Anthony Stephens, katika mtindo wa disko la kasi lililotawala klabu wakati huo, na wakatoa nyimbo mpya kabisa: "Call Me Up", "Fantasy Boy" ya 1988, "Touch Me". Hazikuwa za 1977, wala hazikujifanya kuwa. "Fantasy Boy" ina nguvu yake yenyewe, na ni wimbo ambao ningemwekea yeyote anayedhani maisha ya Mendiola yalisimama 1981. Baadaye neno "New" liliachwa, naye akatumbuiza kama Baccara.

Mateos naye alibaki na jina la Baccara, na upande wake ndiko wenzake walikobadilika sana. Orodha ya wanawake waliosimama kando yake ni ndefu. Miongoni mwao ni Cristina Sevilla, Paloma Blanco na María Marín. Sevilla ndiye aliyeacha alama kubwa zaidi. Mwaka 2004 yeye na Mateos waliingia Melodifestivalen, shindano la Sweden la kumpata mwakilishi wa Eurovision, kwa wimbo "Soy tu Venus". Hawakufika fainali.

Kwa nini jozi zote mbili ziliendelea kurekodi upya nyimbo zilezile za zamani? Jibu liko kwenye karatasi. Katika muziki wa kurekodiwa kuna mali za aina tatu, na wale wawili walikuwa wamekosa mbili.

Ya kwanza ni utunzi. "Yes Sir, I Can Boogie" ni mali ya Soja na Dostal. Kila redio inapoupiga, kila msanii anapouimba upya, mrabaha wa utunzi unawaendea wao au warithi wao, pamoja na wachapishaji. Mateos na Mendiola hawakuandika neno wala noti.

Ya pili ni masta, yaani ile rekodi ya 1977 yenyewe. Hiyo ilikuwa ya RCA, ambayo tawi lake la muziki lilipita mikononi mwa kampuni ya Kijerumani ya Bertelsmann na leo liko ndani ya Sony. Mwimbaji hupata kile tu ambacho mkataba wake unasema. Ndiyo sababu wasanii wa enzi ile hurudi studio kuimba upya nyimbo zao: wanapata masta mpya ambayo inaweza kuuzwa bila kupitia lebo ya zamani. Mtu ananunua mkusanyiko wa disko, anasoma Baccara, anaupeleka nyumbani, anashangaa mbona sauti si ileile.

Iliyobaki ni jukwaa. Jukwaani mtu hakuulizi masta ni ya nani. Anauliza jina, anataka kuona gauni jeusi na jeupe, anataka wimbo wake. Kwa watu waliokuwa wamekosa mali mbili za kwanza, jina lilikuwa riziki, na ndiyo maana hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Siioni kama tamaa. Ni hesabu ya watu wanaotakiwa kuishi.

Wanaoshika nafasi ya pili

Kuna kundi la watu katika kisa hiki wanaotajwa haraka na kupitwa, nao ndio walioliweka jina hai.

Marisa Pérez aliimba na Mendiola kwa zaidi ya miaka 20. Wale wa awali walirekodi pamoja kwa takriban mitano tu. Kwa maneno mengine, Mendiola alikuwa nusu ya jozi na Pérez kwa muda mrefu mara nne kuliko alivyokuwa na Mateos, na bado kila bango lilimtambulisha Pérez kama mbadala. Maradhi ya viungo yalipomlazimisha Pérez kuacha mwaka 2008, nafasi yake ilishikwa kwa muda na Laura Mendiola.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Cristina Sevilla, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi na Mateos, akawa mwenzi wa Mendiola. Alitoka jozi moja akaingia nyingine, chini ya jina lilelile. Kwa Mateos alikuwa amejifunza kukaa kando ya sauti ya chini, kuipa mwanga. Kwa Mendiola ilibidi afanye kinyume chake, aibebe ile ya kwanza ili Mendiola apate mahali pa kupanda. Mwanamke mmoja aliimba pande zote mbili za mgawanyo ule wa 1977.

Kazi ya nafasi ya pili haina shukrani. Lazima ufanane vya kutosha ili shabiki asilalamike, na usifanane kupita kiasi usije ukaambiwa unaigiza. Hutakiwi kuleta wimbo wako. Ukikosea unaonekana, ukipatia anasifiwa aliyetangulia.

Scotland, 2020

Tarehe 12 Novemba 2020, timu ya taifa ya Scotland iliitoa Serbia kwa penalti mjini Belgrade, na kufuzu mashindano makubwa ya wanaume kwa mara ya kwanza tangu Kombe la Dunia la 1998. Video ya chumba cha kubadilishia nguo ilisambaa usiku uleule: wachezaji wakiruka na kuimba "Yes Sir, I Can Boogie". Wimbo ulikuwa umeunganishwa na beki Andrew Considine, ambaye video yake ya zamani ya sherehe ya kuaga ukapera, akiwa amevaa nguo za kike na kuigiza wimbo huo, ilikuwa utani wa wenzake. Ukarudi kwenye chati za Uingereza baada ya miaka 43. Ulipofika mwezi Juni 2021, mashabiki wa Scotland walikuwa wameufanya wimbo wao wa mashindano ya Euro.

Mendiola alieleza furaha yake hadharani na kusema yuko tayari kuurekodi upya kwa ajili yao. Ningependa kuamini kwamba msimu ule ulimlipa vizuri, lakini tukifuata karatasi, faida ya kwanza ya kupigwa kwa rekodi ile ilikwenda kwa watunzi na wenye masta. Alichopata bila ubishi ni heshima: waandishi walimtafuta kwa jina lake, wakamuuliza habari za studio ya 1977 kama mtu aliyekuwepo. Alifariki Madrid tarehe 11 Septemba 2021, akiwa na miaka 69.

Baada ya msiba huo Sevilla aliendelea, akimchukua Helen De Quiroga kuwa mwenzake. Sasa hakuna hata mmoja wa 1977 kwenye jozi hiyo, na wapo mashabiki waliokasirika. Mimi nawaita Baccara bila kusita. Sevilla alifundishwa kazi na wote wawili waliokuwepo, kila mmoja kwa wakati wake, na ameibeba kwa muda mrefu kuliko walivyoibeba wakiwa pamoja. Kama jina hilo lina mrithi wa halali, ni huyo. Ninachowadai yeye na mapromota wake ni kidogo: bango liseme nani yuko jukwaani, na majina ya Mateos, Mendiola na Pérez yaandikwe mahali ambapo mnunuzi wa tiketi atayasoma.